Maswali ya Wasomaji: Kura ya Rais wa Kwanza wa Tanganyika, Novemba 1962

Tangu tulipochapisha makala fupi kuhusu sherehe za Uhuru, tumepokea barua kadhaa zinazouliza jambo linalokaribiana: rais wa kwanza wa Tanganyika alipatikanaje, na wananchi walipewa nafasi gani ya kusema neno. Tumechagua barua nne. Moja tumeijibu kwa urefu kuliko nyingine kwa sababu inagusa mahali ambapo vitabu vyetu vingi vinapita haraka.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameniuliza hivi: ikiwa Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Mwalimu Nyerere akaapishwa kuwa rais tarehe 9 Desemba 1962, mkuu wa nchi katika mwaka huo wa katikati alikuwa nani? Na kwa nini tulingoja mwaka mzima? — *Mwalimu, Morogoro*

JIBU: Wanafunzi wako wameuliza vizuri, Mwalimu. Mkuu wa nchi katika mwaka huo alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, na ndiye aliyekuwa Malkia wa Tanganyika kwa mujibu wa katiba ya uhuru. Aliwakilishwa Dar es Salaam na Gavana Jenerali, Sir Richard Turnbull, yule yule aliyekuwa gavana wa mwisho kabla ya uhuru. Bendera ilibadilika usiku ule mbele ya Mwanamfalme Philip aliyekuja kumwakilisha Malkia, na mwenge ukawashwa juu ya Kilimanjaro, lakini mswada uliopitishwa na Bunge uliendelea kuhitaji saini iliyotiwa kwa niaba ya Malkia ndipo uwe sheria, na mbunge aliapa kuwa mtiifu kwake. Mfukoni mwa mwananchi hali ilikuwa hiyo hiyo: noti ya Afrika Mashariki ilikuwa na kichwa cha Malkia, na senti kumi yenye tundu katikati ilikuwa na jina lake.

Mpango huu haukuwa wa Tanganyika peke yake. Uingereza ilizoea kuziachia nchi zilizokuwa chini yake katiba ya namna moja, yenye waziri mkuu anayeongoza serikali na Malkia anayebaki kuwa mkuu wa nchi kwa jina. Tanganyika ilikuwa imekwenda kwenye uhuru kwa hatua zilizofuatana upesi: uchaguzi wa Agosti 1960, Nyerere kuwa Waziri Kiongozi mwezi uliofuata, mkutano wa katiba katika Ukumbi wa Karimjee mwezi Machi 1961, serikali ya madaraka ya ndani tarehe 1 Mei, na uhuru wenyewe Desemba. Kubishania suala la Malkia katika mkutano wa katiba kungeweza kuchelewesha tarehe, na kwa viongozi wa TANU, chama cha Nyerere kilichoongoza harakati za uhuru, tarehe ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Nadhani hesabu yao ilikuwa sahihi, kwa kuwa Bunge la nchi huru lingeweza kumwondoa Malkia bila kumwomba mtu ruhusa, na ndivyo lilivyofanya.

Mwanzoni mwa 1962 serikali ilitangaza kwamba nchi itakuwa jamhuri, na mwezi Mei ikatoa waraka wa mapendekezo. Waraka huo haukuishia kubadilisha jina la mkuu wa nchi, na hapa ningependa wanafunzi wako wasimame kidogo. Zipo jamhuri ambazo rais wake hufungua Bunge, hupokea mabalozi na kukata utepe, huku waziri mkuu akitawala. India ilikuwa mfano uliojulikana wakati ule. Serikali ya Tanganyika iliukataa mfano huo waziwazi. Ilitaka rais awe mkuu wa nchi na mkuu wa serikali kwa wakati mmoja, awe amiri jeshi mkuu, ateue makamu wake na mawaziri, wala asilazimike kufuata ushauri wa mtu yeyote isipokuwa pale ambapo sheria imesema hivyo. Hoja iliyotolewa ni kwamba wananchi hawakuzoea kutenganisha heshima ya uongozi na nguvu ya uongozi. Mtu anayeitwa mkuu halafu hana uwezo angewachanganya. Hoja hiyo ina ukweli wake, ingawa ni hoja iliyowafaa sana pia wale waliokuwa tayari wameshika nguvu.

Sasa tazama mfuatano wa tarehe, maana ndani yake kuna jambo ambalo halisemwi sana. Kura ya rais ilipigwa tarehe 1 Novemba 1962. Katiba ya Jamhuri, ile iliyoweka kiti cha rais na mamlaka yake, ilipitishwa baadaye mwezi huo huo, Bunge la kawaida lilipojigeuza kuwa Bunge la Katiba. Hivyo wananchi walimchagua mtu kwanza, na kiti chake kikakamilishwa kisheria baadaye. Waraka wa Mei ulikuwa umekwisha eleza kiti hicho kitakavyokuwa, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba watu walifichwa. Lakini hakuna karatasi ya kura iliyowauliza kama wanataka jamhuri, wala kama wanataka rais mwenye mamlaka kiasi kile. Ghana, iliyotutangulia, ilipiga kura mbili kwa pamoja mwezi Aprili 1960: moja ya kuikubali au kuikataa katiba ya jamhuri, nyingine ya kumchagua rais kati ya Kwame Nkrumah na J. B. Danquah. Mwananchi wa Ghana aliweza, angalau kwa nadharia, kumpenda Nkrumah na kuikataa katiba yake. Mwananchi wa Tanganyika hakupewa njia ya kutenganisha hayo mawili.

Jambo la mwisho kwa darasa lako. Siku ile ya Novemba, Nyerere hakuwa waziri mkuu. Alikuwa amejiuzulu tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, akamwachia Rashidi Kawawa serikali, naye akaenda kukijenga chama mikoani. Aliomba urais akiwa kiongozi wa TANU asiye na wizara. Jamhuri ilipoanza tarehe 9 Desemba 1962, cheo cha waziri mkuu kikafutwa, Kawawa akawa Makamu wa Rais, na Turnbull akaondoka katika jengo ambalo tangu hapo tunaliita Ikulu.

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba Nyerere alipata asilimia 98 ya kura. Mimi ni kijana wa siku hizi, na nikiona asilimia kama hiyo huwa naguna. Je, palikuwa na uchaguzi kweli? Na huyo aliyeshindana naye alikuwa nani, mbona hatumsikii? — *Msomaji, Kigoma*

JIBU: Kuguna si dhambi, ndugu yangu. Matokeo yaliyotangazwa yalikuwa kura 1,127,978 za Julius Nyerere wa TANU na kura 21,276 za Zuberi Mtemvu wa African National Congress, yaani asilimia 98.15 kwa 1.85. Tuanze na mshindwa, kwa kuwa ndiye uliyesema hujamsikia.

Zuberi Mtemvu hakuwa mtu wa kuokotwa ili karatasi ya kura isiwe na jina moja. Alikuwa miongoni mwa watendaji wa TANU katika miaka yake ya mwanzo, na alikiacha chama kwa sababu ya ubishi unaoeleweka hadi leo. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilileta uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wenye sharti lililowakera wengi: kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na asipofanya hivyo kura yake ihesabike imeharibika. Juu ya hilo, haki ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya elimu, cheo au kipato, na kipato chenyewe kilikuwa pauni 150 kwa mwaka, sawa na shilingi 3,000, fedha ambazo mkulima wa kawaida wa pamba au kahawa hakuziona. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, Nyerere aliwashawishi wajumbe waingie katika uchaguzi huo pamoja na ubaya wake, ili washinde viti vyote vitatu kila mahali kwa kuwaunga mkono Wazungu na Waasia walio upande wao. Huo ndio unaoitwa uamuzi wa busara. Mtemvu aliuona ni kusalimu amri, akatoka, akaanzisha Congress yake kwa msimamo kwamba Afrika ni ya Waafrika.

Mbinu ya Tabora ilifaulu. TANU ilishinda kila kiti ilichokitaka mwaka 1958 na 1959, na mwaka 1960 ikapata viti 70 kati ya 71. Hata kile kimoja kilichobaki, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyegombea kwa nafasi yake mwenyewe dhidi ya mgombea rasmi wa chama. Mtemvu alibaki na msimamo ambao tukio lilikwisha upita. Hata hivyo hasira aliyokuwa akiisemea haikuwa imekufa. Mwezi Oktoba 1961, Bunge lilipojadili sheria ya uraia, palikuwa na wabunge wa TANU yenyewe waliotaka uraia ufuate rangi ya ngozi, na Nyerere alilazimika kutishia kwamba serikali yake ingejiuzulu kama hoja hiyo ingepita. Wafanyakazi nao walikuwa wakilalamika kwamba kasi ya kuwapa Waafrika kazi za ofisini ni ndogo mno. Mtemvu alikuwa na wasikilizaji, basi. Alichokosa ni matawi, magari, fedha na watu wa kuzunguka vijijini, na mpinzani wake alikuwa na hivyo vyote pamoja na jina la mtu aliyeleta uhuru.

Kwa hiyo, je, asilimia 98 inaaminika? Kwa maoni yangu, ushindi wenyewe hauna shaka. Ukimweka mtu aliyeongoza nchi kupata uhuru bila vita ashindane, miezi kumi na moja baada ya uhuru huo, na chama kisichowahi kushinda kiti hata kimoja, hesabu haiwezi kuwa karibu karibu. Lakini ushindani wa haki hauanzi siku ya kura. Mwezi Septemba 1962, wiki chache kabla, Bunge lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani, na mwaka huo huo sheria ya kuwabana wafanyakazi wasigome. Sisemi kwamba sheria hizo zilitungwa kwa ajili ya Mtemvu. Nasema kwamba mtu aliyefikiria kupanda jukwaani dhidi ya TANU alijua zipo.

Ipo namba nyingine ambayo mimi huitazama zaidi kuliko hiyo 98. Jumla ya kura za wagombea wote wawili ni 1,149,254. Masharti ya kusoma na kipato yalikuwa yameondolewa, na kila raia mwenye umri wa miaka 21 na kuendelea aliweza kujiandikisha. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu watu karibu milioni 9, na kufikia 1962 walikuwa wameongezeka. Ukipiga hesabu kwa namna yoyote ile, watu wazima wengi hawakufika kituoni, au hawakujiandikisha kabisa. Sababu zinaweza kukisiwa: mvua za vuli na kilimo, umbali wa vituo, na zaidi ya yote, kutoona haja ya kutembea nusu siku kumpigia mtu ambaye kila mmoja anajua atashinda. Kumbuka pia kwamba kwa wengi hii ilikuwa mara ya kwanza kuliona sanduku la kura. Mwaka 1960, majimbo 58 kati ya 71 wagombea wa TANU walipita bila kupingwa, kwa hiyo hata walioandikishwa katika majimbo hayo hawakupiga kura yoyote. Uchaguzi ulioitwa wa kuleta uhuru ulipita sehemu kubwa ya nchi bila karatasi hata moja kutumbukizwa.

Kuhusu kwa nini humsikii: mwezi Januari 1963, Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba nchi iwe na chama kimoja kwa sheria. Mtemvu alirudi TANU mwaka huo, na Congress ikaisha. Historia iliyoandikwa na chama haikuwa na sababu ya kumkumbuka, na wale waliompigia zile kura 21,276 hawakuacha chama cha kuwasemea.

SWALI: Salamu kutoka Mombasa. Ndugu zangu wa Tanzania hujivunia kwamba wao walimpigia kura rais wa kwanza. Mbona sisi Kenya hatukumpigia Mzee Kenyatta kura ya urais? — *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Ni kweli, na hamko peke yenu. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, ikakaa mwaka mmoja chini ya Malkia kama Tanganyika, kisha ikawa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964. Tofauti ni kwamba Jomo Kenyatta alikuwa bado waziri mkuu, na marekebisho ya katiba yaliyopitishwa na Bunge yalimgeuza waziri mkuu huyo kuwa rais moja kwa moja. Chama cha upinzani, KADU, kilikuwa kimejivunja mwezi mmoja kabla na wabunge wake kuhamia KANU, chama cha Kenyatta, hata asibaki mtu wa kudai kura. Wakenya walisubiri hadi Desemba 1992 ndipo wapate karatasi ya kura ya rais yenye majina zaidi ya moja.

Uganda ilikwenda njia yake: mwaka 1963 Bunge lilimchagua Kabaka Mutesa wa Pili kuwa rais wa heshima, huku waziri mkuu Milton Obote akibaki na serikali. Kongo ilikuwa na rais hata kabla ya uhuru, kwani tarehe 24 Juni 1960, siku sita kabla ya Wabelgiji kukabidhi madaraka, mabaraza mawili ya bunge yalimchagua Joseph Kasavubu dhidi ya Jean Bolikango. Rwanda nayo ilimpata Grégoire Kayibanda mwezi Oktoba 1961 kwa kura za wabunge, uhuru ukafuata Julai 1962. Katika eneo letu lote, basi, ni Tanganyika peke yake iliyomfikisha rais wake wa kwanza mbele ya wapiga kura wa kawaida akiwa na mpinzani. Majirani zetu wana haki ya kujibu kwamba mpinzani mwenyewe hakudumu hata mwaka baada ya hapo, na jibu hilo sitalipinga.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Babu yangu, ambaye ni mzee sana, husimulia kwamba alimpigia Mwalimu kura wakati wa uhuru, na kwamba mpinzani wa Mwalimu alikuwa kivuli. Mjomba anasema babu amechanganya. Nani yuko sahihi? — *Mjukuu, Mwanza*

JIBU: Marahaba, mjukuu. Yawezekana wote wawili wana sehemu ya ukweli, maana babu yako huenda alipiga kura zote mbili na miaka imezikutanisha. Kivuli ni cha enzi za chama kimoja. Katiba ya muda ya Julai 1965 iliifanya TANU kuwa chama pekee upande wa Bara, na tangu uchaguzi wa Septemba mwaka huo jina la mgombea urais likawa moja tu. Mpiga kura alisema ndiyo au hapana, na kivuli kikakaa mahali pa mtu ambaye hakuwepo. Ubunge ulikuwa na ushindani zaidi: wagombea wawili wa chama hicho hicho walipambana jimboni, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Utaratibu wa ndiyo na hapana uliendelea kwa Nyerere hadi 1980, kisha kwa Ali Hassan Mwinyi mwaka 1985 na 1990.

Baada ya Mtemvu, mpiga kura hakukuta tena jina la pili kwenye karatasi ya urais hadi Oktoba 1995, wagombea walipokuwa wanne: Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo. Kijana aliyekuwa na miaka 21 mwaka 1962 alikuwa amefikisha 54.

Ukitaka kuwapatanisha babu na mjomba, usimuulize babu mwaka, maana wazee wetu hawakuhesabu mambo kwa kalenda ya ukutani. Muulize kama siku ile alipiga pia kura ya mbunge na kama palikuwa na jembe na nyumba; akisema ndiyo, anakumbuka 1965 au baada yake. Akisema ilikuwa kura ya rais peke yake, na kwamba kijijini walikuwepo watu waliomtaja Mtemvu, mwandikie kila anachosema, kisha tutumie nakala.